Mshale uliocheza na indiketa

Mwaka juzi kijana mmoja aliniletea Subaru Forester yake ya turbo hapa Arusha akiwa ameshakata tamaa. Mafundi wawili walikuwa wamemwambia pampu ya oili imekufa, injini ishushwe. Ushahidi alikuwa nao mbele ya macho: geji ya presha ya oili aliyofungiwa kwenye nguzo ya kioo cha mbele, ambayo mshale wake haukuwa na utulivu. Nikakaa kiti cha dereva, nikawasha. Injini ilishapata moto, na mshale ulisimama kwenye bar 1 na ushei bila kutikisika. "Subiri tutoke barabarani, kaka," akasema. Tukatoka. Kufika kona nikawasha indiketa, mshale ukaanza kuruka. Juu, chini, juu, chini, kwa mwendo uleule wa tik-tak ya indiketa.

Pampu ya oili haijui indiketa ni nini. Tukarudi, nikafungua kava la chini ya usukani, nikakuta athi ya geji, yaani waya wa kurudishia umeme kwenye bodi, imebanwa kwenye skrubu moja pamoja na nyaya nyingine nne, na skrubu yenyewe imeingia kwenye bati ambalo rangi yake haijakwanguliwa. Kila taa ya indiketa ilipowaka, umeme wake uligombania njia na athi ya geji. Nikachagua bolti nyingine kwenye bodi, nikakwangua rangi mpaka bati likang'aa, nikaipa geji athi yake peke yake. Dakika ishirini, na mshale ukatulia.

Ndiyo maana mtu akija na geji kwenye boksi akasema "nifungie tu, kazi ndogo", huwa namwambia kuzichomeka kwenye podi kweli ni kazi ndogo. Kazi iko kwenye kuzifanya ziseme ukweli.

Tuanze na podi yenyewe, kile kiganda cha plastiki chenye matundu mawili au matatu. Matundu mengi ni ya milimita 52, mengine 60, kwa hiyo pima geji zako kabla hujalipia podi. Kosa ninaloliona kila mara ni podi iliyoagizwa Marekani. Kule usukani uko kushoto, na podi imefinyangwa kufuata mkunjo wa nguzo ya kushoto. Msomaji wangu wa Goma au Kigali, kama gari lako lina usukani wa kushoto, hilo halikuhusu. Sisi wa huku tunaoendesha upande wa kushoto wa barabara, podi ya namna hiyo haikai hata ukiipasha moto na kuikunja. Tafuta iliyotengenezwa kwa usukani wa kulia.

Kabla hujashika drili, soma kava la nguzo. Ukikuta limeandikwa SRS AIRBAG, ndani yake au juu yake umekunjwa mfuko wa hewa wa pembeni. Siku ya ajali mfuko ule utafyatuka na kuitupa podi usoni kwako pamoja na geji zake, na skrubu uliyopenyeza bila kujua inaweza kuwa imeutoboa. Gari la namna hiyo silifungii podi ya nguzoni hata mteja akiongeza hela. Geji zinakaa kwenye dashibodi.

Kama nguzo ni salama, livue kava zima na ufanyie kazi mezani. Podi nyingi za kubandika juu zinashikwa na skrubu mbili tatu ndogo. Gundi peke yake siiamini; gari likishinda juani na vioo vimefungwa, gundi inalegea na podi inaanza kulia kwenye matuta. Nyaya zishuke ndani ya nguzo hadi nyuma ya dashibodi, na uache ziada ya kama sentimita 30, maana siku moja kuna mtu atalivua kava hilo na hatajua kwamba kuna nyaya nyuma yake. Kisha zungusha geji ndani ya tundu. Mafundi wa magari ya mashindano huzigeuza ili mshale ukiwa kwenye hali ya kawaida uelekee juu, hata kama namba zimelala upande. Kwa jicho la haraka unaona mshale umesimama au umeanguka, husomi namba.

Umeme. Geji nyingi za kisasa zinataka nyaya nne: wa betri usiokatika, wa swichi, wa taa, na athi. Huo wa swichi usiuchukue kwenye waya wa redio, kwa sababu redio inazimika wakati wa kupiga stata, na pale ndipo ninapotaka kuona presha ya oili ikipanda. Chukua unaobaki hai funguo ikiwa kwenye ON na kwenye START, uhakikishe kwa mita. Weka fyuzi ndogo karibu na unapochukua umeme. Waya wa taa unatoka kwenye taa ndogo, lakini angalia: magari mengi ya Japani yanapunguza mwanga wa dashibodi kwa kubana upande wa athi. Ukiunga athi ya geji kwenye njia hiyo, geji itafuata kitufe cha mwanga kama ile Forester ilivyofuata indiketa. Na tafadhali, kusokota nyaya na kuzizungushia tepu si kuunga. Tepu ikipata joto inageuka ulimbo.

Sasa sensa, na hapa sitafanya haraka.

Taa ya oili ya kiwandani ni swichi tu. Inawaka presha ikishakaribia sifuri, na mpaka hapo beringi zimeshaanza kulika. Wenye injini za EJ20 za Subaru wanajua maana ya kunoki, yaani injini kugonga beringi zikishalika, hawahitaji kuelezwa. Kwa hiyo geji ya presha ya oili ni ya kwanza kwangu, kabla ya ile ya turbo ambayo vijana wote wanaianza. Tatizo ni uzi. Tundu la injini nyingi za Japani lina uzi wa PT, kipimo cha kwao, wa moja ya nane ya inchi, meno 28 kwa inchi. Sensa nyingi za Marekani zina uzi wa kwao, NPT wa moja ya nane, meno 27. Kwa macho ni pacha. Utazungusha mizunguko miwili, itakaza, utafurahi, na baada ya wiki oili inavuja juu ya injini, au umepasua tundu lenyewe. Nunua kiungo sahihi.

Na usiibebeshe injini sensa nzito iliyoning'inia kwenye kiungo cha shaba. Mtikisiko utakikata, na oili yote itamwagika kwa dakika chache. Tumia mpira mfupi wenye wavu wa chuma, sensa uifunge kwenye bodi. Ila ukifanya hivyo na sensa yako ni ya waya mmoja, umeinyima athi, kwa sababu ilikuwa inaipata kupitia uzi wake kwenye chuma cha injini. Ipe waya wa athi. Hata tepu nyeupe ya mabomba ukiizidisha kwenye uzi inafanya kosa hilohilo.

Joto la maji lina mtego kama huo. Wengi hukata mpira wa juu wa rejeta na kuweka kiungo cha alumini chenye tundu la sensa. Kiungo kile kiko katikati ya mpira, hakigusi chuma chochote, kwa hiyo nacho kinataka athi. Kumbuka pia kwamba sensa inapima maji yanayoigusa. Mpira ukipasuka maji yakaisha, sensa inabaki hewani na mshale unaweza hata kushuka huku injini inachemka. Ukiona joto limeshuka ghafla mlimani, simama.

Geji ya presha ya turbo iunge baada ya kipepeo cha hewa (throttle), ili uone na mvuto (vakyumu). Naepuka mpira mdogo unaokwenda kwenye kifaa kinachorekebisha presha ya petroli. Ukivuja pale, presha ya petroli haipandi turbo inapopuliza, na injini inakosa mafuta wakati inapoyahitaji zaidi. Natumia ule wa vali inayopumua (blow-off), na kila kiungo nakifunga kwa zipu ya plastiki.

Geji hii ndiyo inayoleta simu nyingi kutoka kwa watu wa bara. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na hewa yake inasukuma kwa kama bar 0.86, wakati Dar ni bar 1 na kidogo. Geji ya mpira, isiyotumia sensa, inalinganisha na hewa ya ndani ya gari, hivyo injini ikizimwa inasoma sifuri popote ulipo. Ya sensa iliyopangwa kwa usawa wa bahari, nayo haijirekebishi, itakuonyesha hasi 0.15 gari likiwa limezimwa. Haijaharibika. Vilevile kwenye geji ya mpira, injini isiyo na hitilafu inayovuta hasi 0.65 pale Dar bila kukanyagwa mafuta, hapa itavuta kama hasi 0.5. Usiende kutafuta uvujaji ambao haupo.

Nikimaliza nawasha kila kitu kwa mpigo: taa kubwa, feni, wipa, indiketa, nakanyaga breki. Mshale wowote ukijibu, narudi kwenye athi.

Kijana wa Forester alirudi baadaye, anataka podi ya matundu matatu. Nilimkalisha kwenye kiti chake, nikaweka kiganja changu nguzoni pale ambapo geji ya tatu ingekaa, nikamwambia anihesabie bodaboda zinazotokea kulia. Alihesabu mbili. Zilipita nne. Geji ya tatu tukaiweka katikati ya dashibodi.