Ukurasa wa Bidhaa Umefungwa Amazon: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Muuzaji akipata taarifa ya ukiukaji wa sera kutoka Amazon, mara nyingi hukimbilia makundi ya WhatsApp kabla hajaisoma taarifa yenyewe mpaka mwisho. Huko kila mtu ana ushauri, na sehemu kubwa ya ushauri huo ndiyo inayogeuza kosa la ukurasa mmoja kuwa kesi ya akaunti nzima. Tunayoyajadili hapa ni ya soko la Amazon la Marekani, kwa bidhaa ambazo Waswahili huziuza huko: unga wa ubuyu, mlonge, kahawa, mafuta ya karafuu, sabuni, vikoi na fulana.

"Futa bidhaa, kosa litaondoka nayo"

Ushauri mbaya kuliko wote. Ukiukaji huandikwa kwenye akaunti, si kwenye ukurasa wa bidhaa peke yake. Ukiifuta bidhaa, rekodi inaweza kukaa kwenye Account Health, yaani ukurasa wa Amazon unaoonyesha afya ya akaunti yako, hadi siku 180, na wewe umejinyima mahali pa kurekebisha pamoja na ushahidi wa ulichokuwa umeandika. Ukifungua ASIN mpya (namba ya utambulisho ambayo Amazon huipa kila bidhaa) kwa bidhaa ileile, umeongeza kosa la pili juu ya la kwanza: kurudisha kwa mlango wa nyuma kilichoondolewa.

Kabla hujagusa kitu, piga picha za skrini za ukurasa wote, pakua ripoti ya bidhaa zako, nakili taarifa neno kwa neno. Kisha nenda Account Health, utafute mstari wa ukiukaji huo na usome umewekwa kundi gani. Bidhaa iliyozuiwa, malalamiko ya alama ya biashara, shaka juu ya uhalisi, usalama wa chakula: kila kundi lina jibu lake. Mengine yanataka ukiri tu kwamba umeielewa sera. Mengine yanataka hati, na mengine yanataka maelezo ya kina. Kutuma ankara mahali palipotakiwa kurekebisha neno moja ni kujikaanga kwa mafuta yako.

Na ile rangi ya kijani kwenye kipimo cha afya ya akaunti isikudanganye. Akaunti mpya huanza na alama 200 kati ya 1,000. Huongezeka alama 4 kwa kila oda 200 zilizokamilika ndani ya siku 180. Kuanzia 200 kwenda juu ni kijani, 100 hadi 199 ni njano, 99 kushuka chini ni nyekundu. Lakini ukiukaji wa daraja la juu kabisa unaweza kufungisha akaunti iliyokuwa kijani jana yake.

"Maneno ya afya ni ya kunogesha biashara tu"

Hapa ndipo bidhaa za asili zinapoanguka, na muuzaji hushangaa kwa sababu bidhaa yenyewe haina tatizo. Sheria ya Marekani ya chakula na dawa haiangalii kilichomo kwenye chupa pekee. Huangalia umesema kinafanya nini. Unga wa mlonge ni chakula. Ukiandika kwamba unatibu kisukari au unashusha presha, umeugeuza kuwa dawa isiyoidhinishwa, bila kubadilisha hata punje. Sheria ya virutubisho ya mwaka 1994 inaruhusu kusema kirutubisho "husaidia kinga ya mwili", kwa masharti, likiwemo tamko kwamba FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, haijayapima maelezo hayo. Kutaja ugonjwa kwa jina na kudai kuutibu, kuuponya au kuuzuia hakuruhusiwi, na tamko hilo halikuokoi.

Sabuni ni mfano mzuri zaidi, maana neno moja linaihamisha kutoka kabati moja la sheria hadi jingine. Inayosafisha tu ni sabuni. Inayolainisha ngozi ni kipodozi. Inayoondoa chunusi au ukurutu ni dawa. Inayofukuza mbu ni kiuatilifu, na sasa hauongei tena na FDA bali na EPA, shirika la mazingira. Hata ubao wa kukatia nyama ukiuelezea kuwa "unaua bakteria" utaangukia huko, na ndiyo maana wauzaji wa vyombo vya jikoni hupokea taarifa ya viuatilifu wasijue imetoka wapi.

"Lakini ni ya asili." Haisaidii. Kuna orodha ya viambato vyenye hatari ndogo ambavyo havihitaji usajili wa EPA, na mafuta ya karafuu, mchaichai na sitronela yamo. Msamaha huo hata hivyo una masharti: viambato vingine vyote navyo viwe vinavyokubalika, lebo itaje kila kiambato tendaji, yaani kinachofanya kazi ya kufukuza wadudu, na asilimia yake, iwe na jina na mawasiliano ya mtengenezaji, na usiunganishe mdudu na ugonjwa. "Hufukuza mbu" inapita. "Hufukuza mbu wa malaria" inauvunja msamaha wote. Baada ya hapo majimbo mengi yana usajili wao, na Amazon yenyewe humtaka muuzaji wa viuatilifu apitie mafunzo yake ya mtandaoni na kufaulu maswali kabla ya kuruhusiwa.

Kosa jingine la kundi hili ni nembo ya FDA. Kiwanda cha chakula kinachopeleka bidhaa Marekani hutakiwa kusajiliwa, na usajili huhuishwa kati ya Oktoba na Desemba katika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Usajili huo ni wa kiwanda. Hauna maana kwamba FDA imeipitisha bidhaa, na kuweka nembo yake au kuandika kwamba bidhaa "imeidhinishwa" kunatosha kufunga ukurasa. Wanaouza pakiti zenye maandishi ya Kiswahili wajue hili pia: lebo ya chakula ikiwa na maelezo kwa lugha ya kigeni, taarifa zote za lazima zinapaswa kuwepo kwa Kiingereza na kwa lugha hiyo. Kuandika "dawa ya sukari" kwa Kiswahili ukitumaini hakuna atakayeelewa ni kujidanganya.

Kurekebisha kunakwama mahali pamoja kila mara: muuzaji hufuta neno kwenye maelezo na kuliacha kwingine. Pitia kichwa, vidokezo, maelezo marefu, maneno ya utafutaji yasiyoonekana na mnunuzi, maudhui ya A+ (sehemu ya ziada ya picha na maelezo ya chapa), na picha zote, pamoja na lebo inayosomeka ndani ya picha. Mashine husoma picha. Kama neno limechapwa kwenye pakiti yenyewe, pakiti ndiyo ya kubadilisha. Kulifunika kwenye picha ni kuongeza udanganyifu. Ukitumia faili la jedwali, kumbuka kwamba katika sasisho la sehemu tu, kisanduku ulichoacha wazi hakifuti kilichokuwepo. Neno litabaki pale pale, na utakata rufaa ukidhani umeliondoa.

"Hakuna Matata ni lugha yetu, hakuna wa kutuzuia"

Hapa hasira ina haki yake, ila hasira haifungui ukurasa. Disney iliomba kusajili maneno hayo Marekani mwaka 1994, mwaka wa filamu yake ya katuni The Lion King, na usajili ulipatikana 2003 kwa fulana. Mwaka 2018 kilizuka kilio kikubwa, na maelfu wakatia saini ombi la kutaka Disney iyaachie.

Usajili wa alama ya biashara haumpi mtu umiliki wa lugha. Humpa haki juu ya matumizi ya neno kama alama ya kutambulisha bidhaa za aina fulani, katika nchi fulani. Unaweza kusema hakuna matata, kuimba na kuandika kitabu kuihusu. Ukiichapa kwenye fulana na kuiuza Amazon Marekani wakati usajili huo uko hai, umeingia ndani kabisa ya eneo lililosajiliwa. Mwanasheria anaweza kutetea kwamba maneno makubwa kifuani ni pambo, si alama ya biashara, na hoja hiyo ina uzito mahakamani. Amazon si mahakama. Ikipokea malalamiko yaliyojazwa sawasawa, kawaida huondoa ukurasa kwanza, maswali baadaye.

Kikoi ni habari nyingine. Kampuni moja ya Uingereza iliwahi kuomba kusajili "Kikoy" huko, Kenya ikapinga, na ombi halikufika mwisho. Kikoi ni jina la nguo yenyewe, na jina la kawaida la bidhaa haligeuzwi kirahisi kuwa mali ya muuzaji mmoja wa bidhaa hiyohiyo.

Kwa hiyo kabla ya kuchapa maneno yoyote kwenye nguo, tafuta kwenye hazina ya alama za biashara ya USPTO, ofisi ya Marekani inayosajili alama hizo, ambayo ni bure, uchuje daraja la 25, ambalo ni la mavazi, na uangalie kama usajili bado uko hai. Malalamiko yakiwa yamekwishaingia, taarifa hubeba barua pepe ya mlalamikaji. Mwandikie kwa adabu, taja ASIN na namba ya malalamiko, eleza ulichobadilisha, mwombe ayaondoe kwa kuiandikia Amazon mwenyewe. Barua yake ukiituma wewe mara nyingi haitoshi.

Watu huchanganya alama ya biashara na hakimiliki, na kuchanganya huko kuna gharama. Hati ya kupinga malalamiko chini ya DMCA, sheria ya Marekani ya hakimiliki mtandaoni, ni ya hakimiliki tu, kwa mfano picha au mchoro. Ukiituma kwa sababu za kweli na mlalamikaji asifungue kesi, ukurasa hurudishwa kati ya siku 10 na 14 za kazi. Lakini hati hiyo hutolewa chini ya kiapo, na aliye nje ya Marekani hukubali kushtakiwa mahakamani huko. Usiisaini kwa kujaribu bahati.

Wauzaji wa vifaa vya simu wana yao: kutaja chapa ya mwingine kunaruhusiwa ukisema bidhaa yako inafaa kwa simu fulani, mradi chapa hiyo isikae kwenye nafasi ya jina la chapa yako wala nembo yake isionekane. Kuificha kwenye maneno ya utafutaji, eti hakuna anayeyaona, ni ukiukaji.

"Mali ni halisi, risiti ninayo"

Risiti ya dukani haikubaliki, hata kama mali umeinunua kwa chapa yenyewe. Proforma, yaani ankara ya makadirio ya kabla ya mauzo, haikubaliki. Orodha ya mzigo na uthibitisho wa oda navyo vivyo hivyo. Kinachotakiwa kwa kawaida ni ankara ya ndani ya siku 365 zilizopita, yenye jina, anwani na mawasiliano ya msambazaji, yenye jina na anwani yako kama zilivyo kwenye Seller Central, tovuti ya kuendeshea akaunti ya muuzaji, na yenye idadi inayolingana na ulichouza. Ukiwa umeuza pakiti 300 na ankara inaonyesha 50, umejishtaki.

Bei unaweza kuifunika. Kitu kingine chochote usiguse. Muuzaji anayenunua ubuyu kwa wakulima bila karatasi anapaswa kulitatua hilo kabla ya kufungua akaunti, si siku ya kuulizwa. Na akishawishika kubandika ankara kwenye programu ya picha, kosa la kukosa karatasi limekuwa kosa la kughushi, ambalo ni gumu sana kutoka.

"Unganisha bidhaa ili zigawane maoni"

Kahawa ya gramu 250 na ya gramu 500 zinaweza kukaa chini ya ukurasa mmoja. Kahawa na mlonge haziwezi. Wala huwezi kuchukua ASIN ya zamani yenye nyota nzuri ukabadilisha picha na jina ili kuuza kitu kipya. Februari 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kuichukulia hatua kampuni ya virutubisho The Bountiful Company kwa mchezo huu wa kuunganisha bidhaa Amazon, na malipo yalikuwa dola 600,000.

Kuhusu kichwa na picha kuu, kanuni ni za kuhesabu, kwa hiyo hakuna sababu ya kukosea. Tangu Januari 21, 2025, kichwa katika makundi mengi ya bidhaa kisizidi herufi 200 pamoja na nafasi, neno lilelile lisitokee zaidi ya mara mbili, na alama kama ! na $ hazitakiwi. Picha kuu iwe na mandhari meupe kabisa, yaani RGB 255, 255, 255, bidhaa ijaze asilimia 85 ya fremu, bila maandishi ya kubandika.

"Omba msamaha, au tafuta mtu wa ndani"

Anayesoma rufaa hatafuti majuto. Anatafuta mambo matatu: chanzo, ulichokwisha kufanya, na kitakachozuia lisirudi. "Hatukuijua sera" si chanzo. "Maelezo yalinakiliwa kutoka kwa msambazaji bila kukaguliwa, yakabeba neno la ugonjwa kwenye kidokezo cha tatu na picha ya nne" ndicho chanzo. Sehemu ya pili taja ASIN na tarehe. Ya tatu isiwe "tutakuwa makini". Taja nani anakagua nini kabla ya kuchapisha. Ukurasa mmoja unatosha. Ikikataliwa, usitume ileile; soma wameongeza neno gani kwenye jibu lao, ujibu hilo.

Kuhusu mtu wa ndani: Septemba 2020 watu sita walishtakiwa jimbo la Washington kwa kuwahonga wafanyakazi wa Amazon, pamoja na mengine ili kurudisha akaunti na bidhaa zilizoondolewa. Anayekuahidi kufungua ukurasa kwa ada ama anakuibia, ama anakuingiza kwenye jinai. Kufungua akaunti ya pili kwa jina la shemeji nako ni hivyohivyo. Akaunti zikihusishwa, zinafungwa pamoja. Akaunti zaidi ya moja zinaruhusiwa kwa sababu halali ya kibiashara, zote zikiwa safi.

Fedha zilizomo akaunti inapofungwa hazijapotea zote siku hiyo. Kwa kawaida hushikiliwa kwa takriban siku 90 ili kulipia marejesho ya wateja, kisha unaomba malipo. Zinazoweza kuzuiwa zisirudi kabisa ni za kesi za bidhaa bandia na udanganyifu. Mzigo ulioko kwenye ghala zao nao unaendelea kukutoza ada, kwa hiyo fungua ukurasa wa mzigo uliokwama, uone kama unaruhusiwa kuagiza urudishwe au uharibiwe, na uamue mapema.