Maji Yakishuka, Swichi Isiguswe: Dhana Potofu za Kimbunga Viwandani Mombasa

Masika yakikaribia na redio ikitaja kimbunga huko Bahari Hindi, simu yangu haipoi. Wasimamizi wa viwanda na maghala, kuanzia Shimanzi hadi Miritini, huniuliza kuhusu mifuko ya mchanga, mabati na pampu. Maswali mazuri hayo. Ila lile ninalolingoja karibu hakuna anayeniuliza: siku ya kurudi kazini, nani ana ruhusa ya kugusa swichi kuu? Upepo ukivuma kila mtu hujificha. Ukitulia, ndipo watu wanapoingia kwenye maji, kupanda mapaa na kuwasha mitambo.

Tuanze na ile dhana potofu nyepesi, "kimbunga hakifiki Mombasa." Ina chembe ya ukweli. Mombasa iko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, na huku karibu na ikweta ule msokoto wa dunia unaokizungusha kimbunga ni dhaifu, ndiyo maana ni nadra kupigwa moja kwa moja. Lakini Zanzibar iko nyuzi 6 tu, na mwaka 1872 kimbunga kiling'oa mikarafuu yake na kuharibu merikebu za Sultani Barghash. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia, na huku kwetu Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ikatoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi. Tazama miezi: Aprili na Mei, kaskazi inapokwisha na kusi inapoingia, tena ardhi imeshashiba mvua za masika. Kimbunga hakihitaji kutua Likoni ndipo ghala lako la Changamwe lijae maji. Mafuriko ya Novemba 2023 yaliletwa na El Niño, kimbunga hakikuwemo, na bado mji ulizama.

Sasa ile inayonichosha kabisa: "Mashine imeshakauka, tuwashe."

Nimeisikia kwa mabosi, kwa mafundi wenye vyeti, hata kwa watu niliowafundisha mwenyewe. Mafuriko yamepita, jua la Pwani limewaka siku mbili, mota ukiigusa ni kavu na moto. Fundi anafungua kile kisanduku cha waya ubavuni mwa mota, anapangusa tope kwa kidole, anatoa mita yake ya mfukoni, anagusisha ncha mbili na kutangaza, "Haina shoti." Kijana anatumwa kwenye swichi.

Ile mita inapima kwa volti chache za betri. Mota ya fezi tatu inakwenda kupewa volti 415. Insulesheni iliyolowa, yaani ule utando wa kuzuia umeme usivuje, itaistahimili betri bila taabu, halafu ipasuke pale umeme wenyewe utakapoingia, na kijana yuko hatua mbili kutoka hapo, viatu vimelowa. Kipimo cha kazi hii ni mega, ambayo husukuma volti 500 kati ya koili na bodi ya mota. Ikisoma chini ya megaomu 1, mota hairudi kwenye laini. Hata kama oda ya mteja inatakiwa Ijumaa.

Halafu kuna chumvi. Mji wetu umezungukwa na bahari, na mafuriko ya viwanda vilivyo kando ya hori ni mseto wa mvua, maji ya mitaro na maji ya chumvi. Maji ya chumvi yakikauka huacha chumvi ndani ya koili, na chumvi hunyonya unyevu wa hewani. Mota iliyosoma vizuri saa saba mchana inaweza kusoma vibaya alfajiri. Kwa hiyo mota hiyo huoshwa kwanza. Nikisema hivi watu hunicheka: "Imelowa, nawe wataka tuiloweshe tena?" Ndiyo, ilowesheni. Ifungueni, mtoe rota (kile kinachozunguka ndani), osheni koili kwa maji matamu mengi, kisha iingie oveni kwa joto lisilozidi nyuzi 90, ipoe, ipimwe kwa mega. Beringi msihangaike nazo, wekeni mpya. Hata kiwanda kisicho na oveni hakina udhuru, maana karakana za kusuka mota zinazo.

Na breka, ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukienda kombo? Breka iliyozama haikaushwi, hubadilishwa. Ndani yake mna springi na vyuma vidogo vinavyotakiwa kuruka mara moja hitilafu ikitokea. Tope au kutu vikikaa humo, breka itawasha na kuzima vizuri ukiisukuma kwa mkono, na utaamini ni nzima. Siku waya utakapogusa bodi, haitakata. Najua bei ya breka kubwa, msinitumie tena risiti.

Hapa ndipo ninapowachosha watu na makufuli yangu. Kila anayeingiza mkono kwenye mashine aweke kufuli lake kwenye swichi kuu ya mashine hiyo, na ufunguo ukae mfukoni mwake. Usiwe kwa msimamizi, wala kwenye msumari ukutani. Watu watatu ndani ya konveya, makufuli matatu kwenye swichi. Wakati wa usafi baada ya mafuriko kuna mafundi wa nje, vibarua wapya, walinzi, watu wa bima, na hakuna anayejua nani yuko nyuma ya mashine gani. Stima ya mtaa nayo hurudi bila kupiga hodi. Viwanda hununua vizibao vinavyong'aa na mabango ya rangi, lakini kufuli la dukani wanaliona ghali. Ajabu hiyo sijaizoea. Na kama mashine ina draivu ya kudhibiti kasi, kufuli peke yake halitoshi, kwani kapasita zake hubaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Subirini muda ulioandikwa kwenye kifuniko chake, kisha mpime kabla ya kugusa.

"Tuna jenereta, hatuna shida." Mwulize aliyesema hivyo jenereta imekaa wapi. Mara nyingi iko chini kabisa ya kiwanja, karibu na mtaro. Kimbunga Harvey kilipofika Texas mwaka 2017, kiwanda cha kemikali cha Arkema mjini Crosby kilikuwa na jenereta za akiba, nazo zikazama. Kemikali zake zilitakiwa kukaa kwenye baridi. Wafanyakazi wakazihamishia kwenye trela za friji, na friji hizo nazo zikashindwa, na kuanzia Agosti 31 kemikali zikaanza kuwaka. Watu walikuwa wamehamishwa umbali wa kilomita 2.4 kuzunguka kiwanda. Kwa hiyo jenereta ipandishwe kwenye jukwaa sasa, jua likiwaka.

Jenereta ndogo za kubeba ndizo zinazoua kimyakimya. Mtu huiweka ndani ya ghala ili isinyeshewe au isiibwe, anafungua mlango mmoja, anasema hewa inapita. Gesi ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Huko Louisiana, baada ya Kimbunga Laura mwaka 2020, watu kadhaa walikufa kwa moshi wa jenereta, dhoruba yenyewe ikiwa imeshapita. Ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka mlango na dirisha lolote, bomba la moshi likitazama mbali na watu. Na kuichomeka kwenye soketi ili ilishe jengo zima bila swichi ya kubadilishia, inayolitenga jengo na laini ya mtaa, ni kumrudishia umeme fundi wa laini aliye juu ya nguzo barabarani.

Maziwa. Jamani, maziwa. Wafanyakazi bado hupewa pakiti ya maziwa "ya kuondoa sumu" wakitoka kwenye moshi au kusafisha kemikali zilizomwagika. Gesi imeingia kwa mapafu na kushika damu. Maziwa yanakwenda tumboni. Aliyelewa moshi mtoeni nje na kumkimbiza hospitali. Maziwa ninyi kunyweni na chai.

"Fungua milango upepo upite, paa lisipasuke." Hapana! Upepo ukiingia kwa shata iliyo wazi hauna pa kutokea, hivyo husukuma mabati kwa chini huku ule wa nje ukiyavuta kwa juu. Paa linaondoka zima. Shata zifungwe na kuwekewa nguzo kwa ndani. Kisha mtu apande kukagua boliti za mabati mapema, kwani hewa ya bahari huzila kichwa ukadhani bado zimeshika. Kasi ya upepo ikiongezeka maradufu, nguvu yake huwa mara nne, na boliti iliyovumilia kusi ya kila mwaka haijathibitisha lolote.

Kwenye yadi hudhaniwa kontena halipeperuki. La mzigo ni vigumu. La futi 40 lililo tupu lina tani 4 hivi na ubavu wa zaidi ya mita za mraba 30, yaani tanga la jahazi lililotengenezwa kwa chuma. Matupu yashushwe, yasipangwe marefu, yafungwe pamoja. Tangi tupu la mafuta lililofukiwa nalo huelea maji ya ardhini yakipanda, likang'oa mabomba. Wa jua kali nao, pipa la kabaidi liinueni juu kabisa, maana likiguswa na maji hutoa gesi ya kuchomelea, na cheche moja inatosha.

Maji ya mafuriko si maji ya mvua tu. Yamepita vyooni na kwenye mashimo ya panya. Gambuti, glavu, chanjo ya pepopunda. Ukipata homa siku au wiki kadhaa baadaye, mwambie daktari ulifanya kazi kwenye mafuriko, asiishie kwenye malaria, kwa kuwa homa ya mgunda (leptospirosisi, inayotoka kwenye mkojo wa panya) huanza vilevile.

Mwisho ni hili la "meneja ameita, asiyekuja asirudi." Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamkataza mwajiri kumrudisha mfanyakazi mahali ambapo hatari kubwa bado inaendelea. Nayo inahusu kila mahali pa kazi, awe mtu yupo hapo kwa muda au kwa kudumu. Mwajiri anayeniambia kibarua wa siku hahesabiki, amwulize wakili wake kwanza.