Kabla hujachapa kadi, uliza mwezi: tarehe za shughuli Tanga

Kila mwisho wa mwezi napokea ujumbe uleule: Tanga kuna nini wiki zijazo? Anayeuliza ni mwenyeji wa Makorora, au ndugu yetu aliyeko Dar anayetaka kurudi nyumbani siku yenye shughuli, au kamati inayotafuta tarehe ya changizo. Kazi yangu ni kuratibu shughuli za jamii hapa jijini: maulidi, usiku wa taarabu, matembezi ya hisani, siku za kuchangia damu. Shughuli nyingi nilizoziona zikidorora hazikukosa watu wema wala nia. Zilikosa siku. Kwa hiyo safari hii naeleza siku hupatikanaje, na njiani nitataja tarehe ninazozingojea mimi mwenyewe.

Mwezi kwanza. Barazani kwetu wazee hawasemi Rabiul-Awwal, wanasema mfungo sita. Hesabu inaanzia Ramadhani ikiisha: mwezi wa Idi ndogo ni mfungo mosi, na ukifika wa sita ndio Maulidi. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, hivyo kila mwaka unarudi nyuma siku 10 hadi 12 kwenye kalenda ya ukutani. Kamati ikisema tufanye tarehe ileile ya mwaka jana, mwezi umeshawakimbia. Mwaka 2026 tunatarajia siku ya 12 ya mfungo sita iangukie karibu na tarehe 25 Agosti, mwandamo ukipenda. Na mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, Januari na tena mwisho wa Desemba. Wenye kumbi na waanze kulifikiria hilo sasa.

Ila Maulidi si usiku mmoja. Hilo wageni wengi hawalijui. Mfungo sita ukiandama, kila madrasa na kila msikiti una usiku wake, mtaa huu unausubiri ule, na mwezi ukiisha bado wapo ambao hawajasoma ya kwao. Watoto wanatoka na zefe, dufu zinapigwa, sufuria za pilau zinahama nyumba hadi nyumba. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii sikuuliza. Nilipanga usiku wa taarabu wa kuchangia madawati, nikakodi ukumbi Ngamiani, nikachapa kadi. Usiku uleule madrasa iliyo barabara mbili kutoka pale ilikuwa na maulidi yake, na akina mama ambao ndio wangenunua tiketi walikuwa huko, wakiwasikiliza watoto wao wakisoma. Tiketi hazikufika nusu. Madawati hayakununuliwa muhula ule, na kuna watoto walioendelea kukaa chini kwa sababu yangu. Tangu hapo naanza kwa mwalimu wa madrasa, ndipo niende kwa mwenye ukumbi.

Taarabu yenyewe inahitaji maneno zaidi, maana hapa ni kwao. Vikundi vya Black Star na Lucky Star vilikuwa vya mji huu, na ni Tanga iliyoipa taarabu gitaa na besi, ikasikika tofauti na ile ya Unguja. Ukitaka kukusanya fedha za hisani Tanga, taarabu ndiyo inayoijaza nyumba. Lakini ina jambo moja linalogombanisha kamati: kutunza, yaani kumzawadia mwimbaji fedha akiwa anaimba. Mwimbaji akifika kwenye ubeti unaomgusa mtu, mtu huyo anainuka na leso yake, anakwenda mbele kwa madaha na kumtunza. Fedha ile kwa desturi ni ya mwimbaji na kikundi chake. Aliyetunza, hata hivyo, amekuja kwenye usiku wa hisani, na kichwani mwake anaamini ameichangia wodi ya watoto. Asubuhi inayofuata maneno yanaanza.

Mimi nalimaliza jambo hili kabla ya siku. Nakaa na kiongozi wa kikundi tukubaliane kwa maandishi: kikundi kinalipwa kiasi fulani kilichojulikana, na tuzo zote zinaingia kwenye kapu la hisani, au tuzo ni zao na malipo yao yanapungua. Njia zote mbili ni halali. Kisha mshereheshaji anatangaza makubaliano hayo kabla ya wimbo wa kwanza, na anayarudia watu wakishachangamka. Fedha inahesabiwa na watu watatu, mmoja wao asiwe mwanakamati, na jumla inasomwa kwa maikrofoni wageni wakiwa bado vitini. Ahadi zinasomwa mbali na fedha taslimu. Naona uchungu kusikia kamati ikitangaza jumla ya ahadi na taslimu pamoja, watu wakapiga vigelegele, halafu mwezi unaofuata wagonjwa wanasubiri magodoro ambayo hakuna aliyeyalipia.

Bahari nayo ina kalenda yake, na anayepanga usafi wa ufukwe Raskazone bila kuisoma atawasimamisha vijana mia juu ya ukuta wakitazama maji. Kwenye pwani yetu, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu tunapata bamvua: maji yanajaa sana mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na yanakupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, saa hizo zinageuka na tofauti ya kujaa na kupwa inakuwa ndogo. Basi usafi wa ufukwe upange Jumamosi ya bamvua, watu waanze saa mbili asubuhi wakiyafuata maji yanavyorudi. Mashindano ya ngalawa au michezo ya kuogelea iache alasiri ya siku hiyohiyo. Jumamosi ya tarehe 26 Septemba 2026 mwezi utakuwa mpevu. Kama shule yako au kikundi chako kinataka siku moja ya bahari kabla mvua za vuli hazijaanza, ni hiyo.

Sasa damu, ambayo naisemea kila ninapopewa nafasi. Wachangiaji wetu wakubwa ni wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa, damu inapungua. Ramadhani ikiingia inapungua tena, kwa kuwa waliofunga hawachangii mchana. Mama anayetokwa damu akijifungua, mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria, kijana aliyeanguka na bodaboda, hao hawangoji Idi. Damu nzima ikiwekwa kwenye jokofu lake hudumu takriban siku 35 tu, kwa hiyo huwezi kukusanya Oktoba ukategemea itafika Machi.

Hesabu ninayoifanya ni hii. Ramadhani ijayo tunaitarajia karibu na tarehe 8 Februari 2027. Shule zinakuwa zimefunguliwa Januari. Ukichangisha Jumamosi ya tarehe 30 Januari, damu hiyo inaweza kutumika hadi mwanzoni mwa Machi, yaani inaivusha hospitali karibu mwezi mzima wa mfungo. Kukusanya tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, ni vizuri, na picha zinapendeza, lakini hospitali ya Bombo inaihitaji Januari hii kuliko picha za Juni. Ndani ya Ramadhani penyewe kuna njia: kituo kifunguliwe usiku baada ya tarawehe, mtu akiwa ameshafuturu na kunywa maji ya kutosha. Zungumzeni mapema na watu wa damu salama juu ya zamu za usiku, maana wauguzi nao wana familia zinazowangoja kwa futari.

Mengine nayapitia upesi. Masika, Machi hadi Mei, shughuli iwe ndani au mkodi mahema, na uwanja wa Tangamano usiutegemee. Harambee iwe baada ya mishahara kutoka, si tarehe 15. Matembezi ya hisani yanahitaji taarifa ya maandishi polisi si chini ya saa 48 kabla, nami naipeleka wiki mbili mapema; muziki wa jukwaani, anzia kwa afisa utamaduni. Tazama pia ratiba ya ligi: Coastal Union wakiwa na mchezo mkubwa Mkwakwani, nusu ya mji iko huko na bodaboda zote ziko huko.

Siku moja ninayoipenda kuliko zote ni 7 Julai. Ni mapumziko ya Saba Saba, na tangu 2022 ni Siku ya Kiswahili Duniani pia. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, hapa hapa Tanga, tarehe 1 Januari 1909, siku ambayo watu wengi wana uchovu wa mkesha na haifai kwa mashairi. Saba Saba inafaa. Jua limepoa, kusi inavuma, malenga wazee wanaweza kukaa nje hadi usiku na kujibizana, na vijana wa shule hawana kipindi. Nimeshasikia ghani katika usiku wa namna hiyo, bila kipaza sauti, mzee mmoja na kahawa yake, na watu waliokuwa wakipita njia walisimama hadi alipomaliza.

Tarehe ninazozijua naziandika kwenye daftari moja, shughuli za dini, za starehe na za hisani zote pamoja, ili kamati mbili zisiwaendee wafadhili walewale wiki moja. Ukiwa na tarehe ya Agosti hadi Machi, niletee kabla kadi hazijaenda kwa mchapaji. Jumamosi za mwezi wa Maulidi zimebaki mbili tu.