Kwa nini nyumba iliyopigwa mnada hairudi hata benki ikikosea utaratibu?

Wengi wanaoweka nyumba rehani nchini Kenya huamini kwamba benki ikiruka notisi au ikizidisha riba, mnada unakuwa batili na nyumba inarejea kwa mwenyewe. Imani hiyo ina msingi, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya 2012 inamdai mkopeshaji mengi: ampe mdaiwa angalau miezi mitatu ya kulipa malimbikizo, kisha notisi ya siku zisizopungua 40 kabla ya kuuza, na atafute bei bora inayoweza kupatikana. Hata hivyo, kuvunja masharti hayo ni jambo moja, na anachopata aliyevunjiwa ni jingine.

Jibu limo katika kifungu cha 99. Mnunuzi hana wajibu wa kuchunguza kama notisi zilitolewa ipasavyo wala kama deni lilikawia kweli. Na ajabu kubwa ni kwamba analindwa hata akijua mapema kuwa uuzaji una kasoro, isipokuwa pale mkopeshaji alipotenda ulaghai ambao mnunuzi aliujua au alipaswa kuujua. Aliyedhulumiwa hubaki na haki ya kudai fidia kutoka kwa aliyeuza.

Haki ya kukomboa nyumba, yaani kulipa deni na kuirejesha, ni kama nafasi ya abiria katika kivuko: chombo kikiwa gatini anaweza kukizuia, lakini kikishang'oa nanga atadai hasara yake tu, na safari itaendelea. Mahakama za Kenya zimeshikilia kwamba nanga hung'oka pale nyundo ya dalali inapogonga, hata kabla hati haijahamishwa.

Ndiyo maana mapambano halisi ni ya kabla ya mnada, katika ombi la zuio, yaani amri ya mahakama ya kusimamisha mnada, na hapo nako njia ni nyembamba. Tangu kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973, mwombaji huhitajika kuonyesha madhara ambayo fidia haiwezi kuyaponya, ilhali mahakama mara nyingi husema kwamba aliyeweka mali rehani alikwisha kuikubali iwe bidhaa inayopimika kwa fedha. Kubishania kiasi cha deni pekee kwa kawaida hakutoshi, na notisi yenye kasoro mara nyingi huishia kuilazimu benki itoe nyingine.

Upenyo mmoja umo katika kifungu cha 97. Bei ikiwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, mkopeshaji huchukuliwa kuwa amekiuka wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo, na mdaiwa anaweza kuomba uuzaji utangazwe batili, ingawa bei hiyo peke yake haimalizi kesi.