Soda ya toniki haikingi malaria

Mgeni anayehamia nchi za joto hakosi kupewa ushauri huu: kunywa toniki kila jioni, ina kwinini, malaria haitakugusa. Imani hii haikutoka hewani. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kutenga kwinini kutoka kwenye gome la mti wa sinkona, na baadaye Waingereza waliokaa India wakawa wanaichanganya na maji na sukari ili uchungu wake umezeke. Ile ilikuwa dawa hasa.

Ya leo ni kiburudisho. Nchini Marekani, kanuni zinataka kwinini isizidi miligramu 83 kwa lita moja ya soda. Mtu mzima anayetibiwa malaria kwa vidonge vya kwinini kwa kawaida hupewa miligramu 600 mara 3 kwa siku, yaani 1,800. Piga hesabu: ni zaidi ya lita 21 kwa siku, pamoja na sukari yake yote! Ule uchungu unaobaki ulimini ni ladha tu.

Kinachonisikitisha ni kwamba anayeiamini glasi yake hulala bila kushusha chandarua, vidonge vya kinga alivyoandikiwa vikabaki kwenye begi, na homa ikianza husema ni uchovu wa safari. Malaria kali inaweza kuua ndani ya siku chache. Ukipata homa ukiwa huko, au hata miezi kadhaa baada ya kurudi, kapime damu siku hiyohiyo na umwambie daktari ulikokuwa.