Mchezaji kiraka na kazi ya shingo

Katika soka letu, mchezaji anayemudu nafasi nyingi huitwa kiraka, na katika miaka niliyofundisha timu za vijana nimewaona wazazi wengi wakilipokea jina hilo kama tusi, kana kwamba mtoto wao ameitwa mtu wa kuziba pengo. Mafundi cherehani wangewaeleza vizuri zaidi, kwani kiraka kisichoendana na kitambaa huonekana kutoka mbali, na kukipata kinachoendana ni kazi.

Uwezo huo huanzia machoni, si miguuni. Beki wa kulia ana mstari wa pembeni ubavuni mwake, kwa hiyo hatari nyingi huziona zikija. Akihamishiwa namba sita, yaani kiungo mkabaji wa katikati, adui anaweza kumtokea popote, hata mgongoni. Kijana wangu mmoja, beki hodari, alinyang'anywa mpira mara nne katika kipindi kimoja nilipomjaribu hapo, kwa kuwa aliukodolea macho tangu ulipotoka mguuni mwa mwenzake. Wiki nzima tulifanya zoezi moja tu: mpira ukiwa bado njiani, ageuze shingo na kutaja kwa sauti rangi ya fulana niliyoinyanyua nyuma yake.

Philipp Lahm alilianza Kombe la Dunia la 2014 akiwa kiungo wa Ujerumani, kisha katika robo fainali dhidi ya Ufaransa akarudishwa beki ya kulia, na timu yake ikatwaa kombe. Hapa kwetu Tanzania, Erasto Nyoni amecheza beki za pembeni, beki ya kati na kiungo mkabaji. Machi 2019, Taifa Stars ilipoifunga Uganda 3-0 na kufuzu AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, baada ya miaka 39, bao moja lilikuwa lake, kwa penalti.

Nisichokubali ni kumhamisha mtoto kila Jumamosi kwa sababu tu hasumbui. Lahm alihama akiwa tayari beki aliyekamilika, ilhali mtoto asiye na nafasi yake hujifunza kuanza upya tu, na benchi humzoea. Yule kijana wangu bado namwandika namba mbili, beki wa kulia. Akihitajika katikati, humwambia siku mbili kabla, naye huja mazoezini mapema kuomba zoezi la fulana.