Inchi 19 ni za uso, si za tumbo

Juzi usiku umeme umekatika, nimekaa barazani napigana na mbu, simu ikaita. "Shikamoo fundi. Nimepata kabati la seva pale Kariakoo, la kufunga ukutani, 6U. RL02 yangu si itaingia? Maana inchi kumi na tisa ni zilezile." Huyo ni wa tatu tangu mfungo uishe. Marahaba, mdogo wangu. Haitaingia. RL02 ni mashine ya diski ya kompyuta za zamani za DEC, kampuni ya Marekani, na U ni kipimo cha kimo. Naandika leo ili wa nne nimtumie hii, mimi nirudi kulala.

Inchi 19, yaani milimita 482.6, ni upana wa paneli ya mbele, pamoja na yale masikio yanayopigwa skrubu. Kipimo hiki tumekirithi kutoka mitambo ya simu ya Marekani, na leo kinatunzwa na kiwango cha EIA-310 pamoja na kimo cha 1U, milimita 44.45. Kwa hiyo mtu akikwambia kabati lake ni la inchi 19, amekuonyesha sura tu. Kina hujui. Nguzo za nyuma hujui kama zipo. Uzito linaobeba hujui. Ni kama kumposa mtu kwa picha ya pasipoti.

Tuichukue hiyo RL02. Kimo chake kweli ni 6U, inchi 10.5, na hapo ndipo watu wanapoanza kushangilia. Lakini kina chake kinapita sentimita 60, na kabati la kijana lina 45. Mashine ina kilo kama 34. Yeye alitaka kuining'iniza kwa bolti nne kwenye ukuta wa matofali ya saruji, yale yenye matundu ndani. Nilimuuliza nani analala upande wa pili wa ukuta huo. Akanyamaza.

Sasa linakuja jibu ambalo ndilo hasa limenitoa barazani: "Basi nitaweka shelfu." Jamani! RL02 inafunguliwa juu. Diski yake, yale megabaiti 10 yako ya thamani, unaitumbukiza kutoka juu, na kuitoa ni kwa juu vilevile. Kila ukitaka kubadilisha diski lazima uivute mashine nzima itoke nje ya kabati, uinue kifuniko, kisha uirudishe. Ukiiweka juu ya shelfu chini ya mashine nyingine, umeifungia. Utakuwa na diski moja tu maisha yako yote. Walioiunda waliiweka juu ya reli zinazoteleza kama za droo, na reli hizo hufungwa mbele na nyuma, ndiyo maana nikazitaja nguzo za nyuma. Boksi la BA11-K linalobeba kompyuta ya PDP-11/34 nalo linavutwa nje hivyohivyo, kisha linabinuliwa ili ufikie waya za chini. Waya zote za nyuma ziachiwe urefu wa kusafiri nalo. Mtu anazibana vizuri kwa tai za plastiki, kabati linapendeza kweli, halafu siku ya kwanza kuvuta anang'oa kiunganishi.

Na ukivuta kilo 34 zikasimama hewani mbele ya kabati, kabati linataka kuja nazo. Kabati la DEC la zamani, H960, lina miguu chini, ya kuvuta itokeze mbele, kwa ajili hiyo. Watu wengi huipoteza au huiona pambo. Kwangu kanuni ni moja: kitu kizito chini, miguu kwanza, droo moja kwa wakati. RK05, mashine nyingine ya diski ya DEC, ina kama kilo 50, hiyo hata sibishani, inakaa chini kabisa. (Tena hiyo RK05 kagueni ni ya hezi ngapi kabla ya kuichomeka. Hezi ni masafa ya umeme: ya Marekani ni ya hezi 60, umeme wetu ni 50, na transfoma ya kushusha volti haibadilishi hezi hata kidogo.)

Twende kwenye skrubu. Skrubu za DEC ni 10-32: 10 ni namba ya unene, kama milimita 4.83, na 32 ni idadi ya meno katika inchi moja. Nenda dukani Gerezani na skrubu moja mkononi, muuzaji ataitazama, ataipima kwa jicho, na atakupa M5 kwa moyo mweupe kabisa. Simlaumu. M5 ni milimita 5, na nafasi ya jino lake ni milimita 0.8; ya 10-32 ni 0.794. Ni karibu mno, na ubaya uko kwenye ukaribu huo. Zingekuwa mbali, zingekataana mlangoni. M5 ndani ya nati ya 10-32 inaingia mzunguko mmoja au miwili, kisha inakaza, nawe unadhani ni kutu, unaongeza nguvu, meno yanakufa. Ukigeuza, 10-32 ndani ya nati ya M5, inaingia laini kama siagi na haishiki vizuri. Nimeua nati mbili hivyo kabla sijanunua venia ya kupimia unene. Kabati za seva za leo nyingi zinatumia M6, ambayo angalau inakataa waziwazi.

Matundu ya nguzo kwa haraka: hayako kwa nafasi sawasawa. Yanakwenda milimita 12.7, 15.9, 15.9, kisha yanarudia. 1U huanzia katikati ya ile nafasi fupi. Ukianza tundu moja juu, kila kitu kitakataa mpaka chini. Hesabu kabla hujabeba.

Kuchomelea kabati lako mwenyewe? Inawezekana, nimefanya. Fundi alikuwa hodari, ila moto unavuta chuma, na nguzo zilizokuwa sambamba asubuhi zilibanana katikati kufikia jioni. Nguzo zifungwe kwa bolti kwenye fremu, zisichomelewe, ili uzinyooshe baadaye.

Linalonishinda mimi mwenyewe ni mlango wa nyuma. Nikiufunga, joto linapanda na unyevu wa Dar umejifungia humo. Nikiufungua, vumbi na hewa ya chumvi. Miaka minne naufungua na kuufunga kama mtu aliyepoteza funguo. Sasa hivi uko wazi, na pazia la khanga mbali kidogo na feni. Sikushauri, nakwambia tu. Ninachokushauri ni kutoa sponji zote za zamani zilizo ndani ya mashine kabla ya kuwasha chochote. Zimegeuka uji mweusi, na punje moja ikifika kwenye vichwa vya diski imekwisha.

Kijana amenipigia tena leo. Muuzaji amekataa kurudisha hela. Sasa ana kabati la 6U ukutani, ndani mna ruta moja.